Wakala wa Bima na Kazi Isiyo na Kamisheni: Namna ya Kumwandikisha Mteja Bila Kufunga Ofisi

Ukifungua ofisi ya bima Mbeya mjini, iwe Mafiati, Kabwe au Uhindini, watu hawasomi kibao kuona unawakilisha kampuni gani. Wanaona neno BIMA, wanaingia. Mmoja anataka bima ya bodaboda. Wa pili kadi ya mama yake ya NHIF, ule mfuko wa umma wa bima ya afya, imegoma hospitalini. Wa tatu ametoka Tukuyu na bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wa nne anauliza hiyo bima ya afya kwa wote anajiunga wapi. Kati ya hao wanne, kamisheni iko kwa mmoja.

Hao watatu waliobaki ndio sababu ya mwongozo huu. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, maswali yao yameongezeka, na wengi hawatofautishi wakala wa kampuni binafsi na ofisa wa mfuko wa umma. Ukiwafukuza, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama. Ukiwahudumia wote mpaka mwisho, utafunga ofisi huku unasifiwa.

Wala si sisi tu. Marekani, kuelekea msimu wa kujiandikisha kwa mwaka 2025, kampuni kadhaa kubwa ziliacha kuwalipa mawakala kamisheni kwa baadhi ya mipango ya dawa ya Medicare, ile bima ya wazee. Wazee waliendelea kuja na orodha za dawa zao kama kawaida, na wakala akabaki na kazi ileile bila malipo. Tofauti ni kwamba kule malipo yaliondolewa, huku kwetu hayakuwahi kuwepo.

Msimamo wangu ni huu: kazi ya bure lazima iwe na mpaka unaojulikana kabla mteja hajakaa kwenye kiti. Mpaka huo unaujenga hivi.

Hatua ya 1: Jua saa yako inazaa nini

Bila hesabu hii utaendelea kusema "ni dakika tano tu" hadi jioni.

Chukua bima ndogo, ile inayolipa hasara ya watu wengine tu, ya gari dogo la binafsi. Kwa kiwango tulichozoea, mteja analipa shilingi 118,000: ada yenyewe ni 100,000 na VAT ni 18,000. Kamisheni inapigwa kwenye ile 100,000. Tuseme mkataba wako na kampuni unakupa asilimia 12.5. Unapata 12,500, na kampuni ikikata kodi ya zuio inashuka tena. Humo ndani toa bando, pango, umeme, karatasi na bodaboda ya kumfuata mteja Ilomba kwa sababu "niko kazini, siwezi kutoka".

Gari lenye kadi safi na mwenye gari mwenye namba ya NIDA ni kazi ya nusu saa. Kaya yenye watoto wanne, vyeti viwili vilivyokosewa na jina la ukoo la Kinyakyusa lililoandikwa kwa namna mbili tofauti ni asubuhi nzima, na pengine asubuhi ya pili. Kwa hiyo kila kaya unayoifikisha mwisho bila kipimo inakula bima ndogo kadhaa ambazo ungeuza. Si lazima usiifanye. Ila ijue bei yake.

Piga hesabu hiyo kwa mkataba wako mwenyewe, kwa kila aina ya bima unayouza, uibandike ndani ya droo. Usiibandike ukutani, mteja hahitaji kuiona.

Hatua ya 2: Tenga kushauri, kujaza na kufuatilia

Hapa ndipo wakala wengi wanapotea, kwa sababu mteja anayaleta yote matatu kama jambo moja: "nisaidie bima".

Kushauri ni kumwambia mtu kipi kinamfaa. Hiki toa bure kwa kila anayeingia, hata kama jibu linampeleka kwa mwingine. Mama mwenye mtoto mwenye selimundu akija kwako, na bima ya kampuni yako ina masharti magumu kwa ugonjwa uliokwishakuwepo, mwambie. Usimuuzie kifurushi cha kampuni kwa sababu tu mfuko wa umma haukulipi. Siku dai la mtoto litakapokataliwa, atakayeketi mlangoni kwako ni yule mama, siyo mkurugenzi wa masoko. Ushauri wa kweli unachukua robo saa. Weka saa ya mkononi mezani ukitaka, lakini mpe hiyo robo saa yote, simu ikiwa imezimwa sauti.

Kumbuka ushauri una mambo machache ambayo lazima uyajue kwa kichwa. Mtumishi wa umma yuko NHIF kwa lazima: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na unamhudumia yeye, mwenza na wategemezi hadi wanne. Mtu kama huyo hana sababu ya kununua bima ya pili kwako kabla hajaelewa aliyonayo. Mwanafunzi wa MUST au wa Mkwawa huandikishwa kupitia chuo chake. Kaya za vijijini nyingi zinakumbuka CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa ya 2018, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na watakuja na bei hiyo kichwani hata kama mambo yamebadilika. Viwango vya mifuko ya umma na majina ya vifurushi hubadilika, kwa hiyo kabla hujamtajia mtu bei, piga simu ofisi ya mkoa ya mfuko husika. Bei ya zamani ukiitamka wewe, itakuwa deni lako.

Kujaza ni kukaa na fomu au simu na kuingiza taarifa. Hiki kinaruhusiwa, ila kwa siku na kwa masharti, kama nitakavyoeleza.

Kufuatilia ni kule kurudi: kadi imefikia wapi, kwa nini jina la mtoto halionekani, mbona dirisha la hospitali wamesema haijahakikiwa. Hiki, kwa bima usiyoiuza wewe, mrudishie mwenyewe. Hapa hakuna nusunusu, isipokuwa kwa wachache nitakaowataja Hatua ya 10. Ukipiga simu moja ya kufuatilia kadi ya mtu, umejiajiri kuwa ofisa wa mfuko bila mshahara, na familia yake yote itakuwa na namba yako. Ni kazi ya ofisi iliyotoa kadi, ambako kuna mtu analipwa kuifanya na ana mfumo wa kuona kinachoendelea, wakati wewe huna.

Kwa bima uliyouza mwenyewe mambo ni mengine kabisa. Gari la mteja wako likigonga pale Mlima Nyoka saa nne usiku, kumwelekeza ripoti ya polisi, PF3 ya majeruhi na fomu ya madai ni sehemu ya kile ulicholipwa siku ya kukata bima. Wakala anayepokea kamisheni halafu anazima simu siku ya ajali asijifiche nyuma ya mwongozo wangu.

Hatua ya 3: Andika orodha ya wanaolipwa kuifanya kazi hiyo

Karatasi moja, ukutani, kwa maandishi makubwa. Mteja asome mwenyewe wakati anasubiri.

Jina au tarehe imekosewa kwenye cheti cha kuzaliwa: RITA, kwenye ofisi ya wilaya. Namba ya NIDA haipo au ina kosa: ofisi ya NIDA ya wilaya. Kadi ya NHIF ya mtumishi: ofisa utumishi wa mwajiri wake kwanza, kisha ofisi ya NHIF ya mkoa. Mwanafunzi: ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni. Anataka kujua stika ya gari ni halali: aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mwenyewe, kwa simu yake, inachukua muda mfupi kuliko kukuuliza. Kampuni imemzungusha kwenye fidia: ofisi ya TIRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iko hapahapa Mbeya, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Walioko Tunduma waongeze mstari mmoja. Dereva wa lori akija kuchukua Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, ili avuke kwenda Zambia, muuzie kadi na umweleze inafanya kazi wapi. Nyaraka za mzigo ni za wakala wa forodha, jirani yako, na yeye analipwa.

Hatua ya 4: Weka siku ya fomu

Chagua nusu siku moja kwa wiki. Mimi napendelea Jumatano asubuhi: Jumatatu ni ya wenye magari waliokamatwa na trafiki Jumapili, Ijumaa kila mtu ana haraka. Siku hiyo unajaza fomu za mtu yeyote, bure, kwa foleni. Siku nyingine ukiulizwa unatoa ushauri na tarehe.

Anayekuja siku ya fomu awe na vitu vyake vyote. Awe na namba ya NIDA, cheti cha ndoa kama anamwandikisha mwenza, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Laini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe wa uthibitisho unaenda kwenye namba iliyoandikwa, na kama ni laini ya mpwa wake aliyeko Chunya machimboni, mtakaa mnamsubiri apate mtandao.

Kinachopungua hakijazwi kwa kubahatisha. Mwambie akakitafute, arudi wiki ijayo. Inaonekana ukatili, hasa kwa aliyepanda Coaster kutoka Kyela, ndiyo maana orodha inatumwa kabla kwa ujumbe. Ujumbe wangu huwa hivi, na unaweza kuuchukua:

"Shikamoo mama. Picha za vyeti nimezipata. Cheti cha mtoto wa pili jina halifanani na la kitambulisho chako, naomba uanzie RITA wilayani kwenu. Kikikaa sawa njoo nacho Jumatano kabla ya saa tano, tutajaza pamoja. Njoo na kijana mwenye simu nzuri, nataka aone tunavyofanya. Namba ya malipo ikitoka, utalipa mwenyewe kwenye simu yako, usinitumie hela mimi."

Huyo kijana ndiye akiba yako. Kila ukoo una mjukuu mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ana simu na hana shughuli Jumatano. Mweke mbele ya skrini, wewe kaa pembeni umwelekeze. Mwaka ujao wakati wa kuhuisha, familia ile haiji kwako tena kwa fomu. Inakuja kwa ushauri tu, au haiji kabisa, na zote mbili ni nafuu.

Hatua ya 5: Hela ya mteja isipite mkononi mwako

Wakala anayefanya kazi ya bure hupata majaribu matatu ya hela, na yote yanakuja yamevaa nguo za ubinadamu.

La kwanza ni kumlipia mteja. "Nikatie tu, Jumamosi nikiuza viazi nakurudishia." Kwetu bima ya kampuni haianzi kufanya kazi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo ukimlipia wewe ndiye umemkopesha, na hukusomea ukopeshaji. Viazi Jumamosi vinaweza kushuka bei. Mwelekeze kwenye kikoba chake.

La pili ni kupokea fedha taslimu au kwenye namba yako binafsi ili ukamlipie. Mteja alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au akaunti ya kampuni, kwa simu yake, risiti ije kwake. Mzee asiyejua kubonyeza asindikizwe kwa wakala wa M-Pesa au wa Airtel Money wa jirani. Usimwombe namba ya siri, na akikutajia bila kuombwa mwambie aibadilishe palepale.

La tatu ndilo baya, nalo ni kujilipa kimyakimya. Unamsaidia mtu NHIF bure, kisha kwenye bima ya gari lake unamwambia 130,000 badala ya 118,000. Au unamsukumia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lake mwenyewe, kwa gari ambalo thamani yake haifiki popote. Hapo hufanyi kazi ya bure tena, unaiba kwa awamu. Mteja analipa kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya kampuni, basi.

Je, unaweza kumtoza kwa ule muda wa kujaza? Mimi sitozi kwa kuandikisha. Lakini angalia steshenari iliyo mlango wa pili: inatoza kuprinti, kutoa kopi, kupiga picha ya pasipoti na kuskani vyeti, na hakuna anayelalamika kwa sababu bei imeandikwa ukutani. Wakala wengi wako ndani ya steshenari au duka la spea tayari. Ukiwa na mashine, endesha huduma hizo kama biashara yake, yenye leseni na risiti zake, kwa bei moja kwa anayekata bima kwako na asiyekata. Kama huna mashine, mpeleke jirani. Kopi za bure kwa mwezi mzima ni hela. Watu huisahau kwa sababu inatoka shilingi mia mia.

Hatua ya 6: Vijijini, usiende kwa mtu mmoja

Bima ya mazao ni mahali ambapo kamisheni ipo kwa jina tu. Tangu kampuni za bima ziungane kwenye Konsotia ya Bima ya Kilimo, iliyozinduliwa Julai 2023, wakulima wa huku wamesikia habari na wanauliza: mpunga wa Igurusi, mahindi ya Mbozi, viazi vya Isangati, parachichi za Rungwe na Njombe. Mkulima mmoja wa ekari mbili ada yake ni ndogo, na kamisheni yako juu yake haifikii nauli ya kwenda na kurudi. Ukimhesabu mmojammoja, kila safari ni msaada. Uende kwenye kundi: AMCOS (ushirika wa mazao wa wakulima), SACCOS, kikoba, kikundi cha wamwagiliaji.

Panga hivi. Kabla ya kwenda, zungumza na mwenyekiti na katibu kwa simu, si na mwenyekiti peke yake, kwa sababu daftari analo katibu. Omba wakutumie orodha: jina kama lilivyo kwenye NIDA, namba ya kitambulisho, simu, kijiji, zao, ekari. Orodha ikiwa haijafika, safari haipo. Hili walishike mapema. Kikundi kisichoweza kuandika orodha ya wanachama wake hakitaweza pia kukusanya ada, na utarudi mjini na vumbi tu. Ukifika, salamu zako zifuate mahali ulipo, kamwene ya Wahehe na Wabena au salamu ya Kinyakyusa, na mkutano usizidi saa moja ya maelezo. Maswali ndiyo yachukue muda.

Halafu kuna kalenda. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Bima ya mahindi inatakiwa ikatwe kuelekea kupanda, lakini Novemba mkulima ameshamaliza hela kwenye mbolea na ada ya shule ya Januari inamwangalia. Hela iko Julai hadi Septemba, mavuno yakishauzwa. Mikutano ya kuelimisha ifanyike miezi hiyo, ada iwekwe kando kwenye kikoba kwa jina la bima, na uandikishaji wenyewe ufanyike msimu ukikaribia. Wakala anayeanza kuzunguka Novemba atafanya kazi nyingi ya bure, na hataandikisha mtu.

Sokoni mambo yanafanana. Soko la Sido lilipoungua Agosti 2017, watu walijifunza kwa uchungu thamani ya bima ya moto, na hadi leo moto ukitokea popote, hata Kariakoo ile ya Julai 2021, wiki inayofuata wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanakuja kuuliza. Tatizo ni mali. Kampuni inataka kujua kilichomo dukani, na wengi hawana daftari la bidhaa, kwa hiyo wakala anaishia kuhesabu majora ya vitenge. Usihesabu. Mwonyeshe mwenye duka namna ya kuandika, mpe karatasi ya mfano yenye safu nne, na mwambie aandike jioni akifunga. Ukipita kukagua, pita kwa safu nzima ya maduka kwa siku moja, siyo duka hili leo na la tatu keshokutwa.

Hatua ya 7: Iandike, kisha uidai inapodaika

Nunua daftari la kaunta. Kila kazi isiyo na kamisheni iandike mstari mmoja: tarehe, aina ya kazi, muda, ulichotumia mfukoni, na kilichozaliwa baadaye kama kipo. Jina la mteja siyo lazima, na sababu nitaitaja.

Baada ya miezi mitatu daftari litakuambia mambo ambayo kichwa hakikumbuki. Utaona kwamba walioletwa na mtu uliyemsaidia NHIF ni wengi kuliko ulivyodhani, au kwamba hakuna hata mmoja. Wakala wenye ofisi karibu na hospitali ya rufaa hupata picha tofauti na wale wa stendi ya Nane Nane, na wa Ipogolo kule Iringa watapata yao. Ninachowaomba mfanye ni kumwomba kila uliyemsaidia jambo moja, kwa heshima, mkiwa mmemaliza: "Kaka, kama kuna mwenzako ana gari au duka, mwelekeze kwangu." Usiliweke kama sharti kabla ya kumsaidia. Likija mwishoni, watu wa huku hawasahau.

Sehemu ya pili ya daftari ni kwa ajili ya kampuni yako. Kampuni zinapenda takwimu za mauzo, hazina habari ya saa unazotumia kuelimisha kijiji ambacho kitanunua mwakani. Andika barua, ambatisha ukurasa, omba kitu mahususi: nauli ya mikutano ya vikundi, bando, ofisa masoko aje mwenyewe siku ya mkutano wa AMCOS. Barua ya "tunaomba mtuangalie" haijawahi kujibiwa. Wakikataa kulipia mikutano ya bima ya mazao, punguza mikutano hiyo na uwaambie kwa maandishi kwamba umepunguza. Bidhaa isiyomlipa wakala nauli ni bidhaa ambayo kampuni haijaamua kuiuza.

Hatua ya 8: Kopi za vitambulisho si mali yako

Kazi ya bure inaacha uchafu kwenye simu: picha za NIDA, vyeti vya ndoa, majibu ya vipimo ambayo hata hukuyaomba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo haiulizi kama ulilipwa. Ukimaliza kujaza, futa picha mbele ya mwenyewe, rudisha kopi za karatasi kwenye bahasha yake. Ndiyo maana daftari halihitaji majina. Simu ya wakala ikiibiwa Kabwe ikiwa na vitambulisho vya kata nzima, itakuwa kazi kubwa kueleza kwamba ulikuwa unasaidia.

Hatua ya 9: Usimhamishie kijana wa field mzigo

Ofisi nyingi hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kishawishi ni kumkabidhi foleni yote ya wasiolipa. Anajifunza, ndiyo. Lakini ukimtuma Mbalizi na fomu za watu, mpe nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana. Kazi ambayo hukuitaka kwa sababu haina malipo haiwi na malipo kwa kumpa mwingine. Na asiachwe peke yake kushauri. Kujaza sawa, kushauri kuhusu ugonjwa na bima kunahitaji mwenye leseni awe mezani.

Hatua ya 10: Kukataa

Utamkataa nani? Aliyekwisha kujaziwa mara mbili na anarudi na kosa lilelile kwa sababu hakwenda RITA. Mwenye gari tatu ambaye anakata bima kwingine kwa punguzo, halafu anakuletea wewe maswali ya dai lake. Mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini anayetaka uwaandikishe wote kwenye mfuko "kama msaada"; huyo ana ofisi, mwambie amtume mhasibu wake Jumatano, utamfundisha.

Wazee wasio na mtu, wagonjwa waliotoka wodini na mama aliyefiwa na mchangiaji, hao usiwapange foleni. Weka nafasi mbili kwa wiki ambazo hazina masharti yoyote, hata kufuatilia umo, na zikiisha zimeisha mpaka wiki ijayo.

Ujumbe wa kukataa uwe mfupi na uwe na mlango:

"Kaka, habari za asubuhi. Kuhusu kadi ya mzee, sehemu yangu ya kujaza ilikamilika. Sasa iko ofisi ya NHIF mkoa, mimi siwezi kuiona kwenye mfumo. Nenda na namba ya malipo na kitambulisho chake, omba dirisha la uanachama. Ukikwama kwenye kuelewa walichokuambia, njoo tusome pamoja."

Akijibu kwa hasira, usimjibu siku hiyo. Wengi hurudi wakiwa na karatasi kutoka ofisi ya mkoa na swali linalojibika kwa dakika mbili.

Ukiamua kuacha uwakala au kuhamia mji mwingine, wateja wa bima ulizouza wakabidhi kwa kampuni kwa orodha iliyosainiwa, yenye tarehe za kuisha kwa kila bima. Wale wa siku ya fomu hawana pa kukabidhiwa. Bandika mlangoni ile karatasi ya Hatua ya 3, pamoja na namba ya wakala wa jirani aliyekubali kuwashauri, na uhakikishe kweli amekubali.